Jiko la Pleti Moja: Kabla Hujachomeka Plagi

Haya, wewe unayesoma ukurasa huu, jiulize kwanza: nyumbani kwenu nani hukaa jikoni muda mrefu zaidi? Kama wewe ni msichana, pengine jibu ni wewe mwenyewe, au mama, na mdogo wako wa mwaka mmoja yumo mgongoni. Kama wewe ni mvulana, yakhe, usifunue ukurasa wa pili bado. Na wewe unakula. Na siku utakapohamia Mkoani au Chake Chake kwa ajili ya masomo, hakuna atakayekuja kukupikia chumbani.

Chukua nyumba ya kawaida ya Chokocho, huku kusini ya Pemba ambako watu hupanda mashua kwenda Kisiwa Panza. Nyuma ya nyumba kuna banda la jiko, la miti na makuti. Ndani mna mafiga matatu, kuni, vifuu na makumbi ya nazi, na pembeni jiko la makaa kwa ajili ya chai. Masika yakianza, kuni zinarowa na moshi unaongezeka. Sasa katika nyumba hiyo hiyo ameingia mgeni: jiko dogo la umeme, la pleti moja au mbili, ambalo mtu analibeba kwa mkono mmoja. Ami kalileta kutoka Maskati, au kaka kalinunua dukani Chake. Limewekwa juu ya meza, limechomekwa, na maji ya chai yanachemka bila ya mtu kutoa chozi.

Vizuri. Lakini jiko hilo lina mambo yake, na mtu wa kuyaelewa mambo hayo nyumbani kwenu ni wewe unayesoma Fizikia. Bibi hajasoma volti na ampea. Wewe umesoma.

MOSHI UNAFANYA NINI?

Watu wengi huuona moshi kuwa ni usumbufu tu. Unakohoa, unafuta macho, unaendelea kusonga. Kumbe ndani ya moshi wa kuni mna vumbi jembamba sana, jembamba kuliko unywele mara nyingi, ambalo halizuiliwi na pua wala koo. Linashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na jengine hupenya likaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 ni vya watoto walio chini ya miaka mitano. Si ajali za gari hizo wala si vita. Ni moto wa kupikia.

Mtoto mdogo anayekaa mgongoni mwa mpishi anavuta moshi ule ule, kwa mapafu ambayo bado yanakua, na nimonia inampata kwa urahisi. Mama mjamzito anayevuta moshi kila siku yuko katika hatari zaidi ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Watu wazima hupata maradhi ya moyo, kiharusi, kikohozi kisichopona na mtoto wa jicho. Kwa hiyo ukimwona bibi anaona ukungu, usiseme ni uzee peke yake. Miaka hamsini ya kupuliza moto nayo imo.

Makaa yana ubaya wa namna nyengine. Moshi wake ni mdogo, kwa hiyo watu huyaamini. Mvua ikinyesha, mtu analiingiza jiko la makaa chumbani, anafunga mlango na dirisha. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inashika nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa kinauma, mtu anasinzia, na anaweza asiamke tena. Hili likumbuke hata kama hutokumbuka jengine lolote katika makala hii: jiko la makaa haliingii chumba cha kulala, hata likiwa limebakia kaa moja.

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Umeme ni mmoja katika nishati hizo. Gesi ni nyengine, lakini hiyo tuiwache kwa leo.

UMEME WENYEWE UNATOKA WAPI?

Waulize wazee. Kwa miaka mingi Pemba ilitegemea mashine za dizeli za Wesha, na umeme wake ulikuwa wa mgao na wa kubahatisha. Mwaka 2010 ukalazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway, na Pemba ikaungwa na gridi ya taifa. Jiko la umeme kuwa jambo la kufikirika huku mashamba kumetokana na waya huo.

Lakini waya ni waya. Wenzetu wa Unguja wana waya wao, na hawajasahau kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, walipokaa kiasi cha miezi mitatu gizani baada ya mambo kuharibika. Basi usimsikilize atakayekwambia uyatupe mafiga siku unaponunua jiko la umeme. Yabakie pale. Yatakufaa.

LIPI UNUNUE?

Dukani utakuta majiko ya namna nne, na muuzaji atakwambia yote ni mazuri. Si kweli.

La kwanza ni lile la zamani, lenye waya uliojikunja kama springi ndani ya mifereji ya udongo, waya uko wazi unauona unawaka mwekundu. Ni rahisi kuliko yote. Hili mimi nasema usinunue, na kama liko nyumbani, lisitumike. Waya ule unaouona ndiyo umeme wenyewe. Mchuzi ukimwagika, au sufuria ya alumini iliyobonyea ikaugusa, umeme unapanda kwenye sufuria, na wewe umeshika upawa wa chuma huku umesimama peku kwenye sakafu iliyorowa.

La pili lina koili nyeusi iliyofunikwa, imezungushwa kama konokono. Waya umo ndani ya bomba la chuma, na katikati mna unga unaozuia umeme usitoke nje. Linapata moto haraka na linafaa. La tatu ni la pleti nzima ya chuma. Linachelewa kupata moto na linachelewa kupoa, lakini ni gumu na halichokozeki. Kwa nyumba ya watu wengi, hili la tatu au la pili ndiyo ningelichagua.

La nne ni lile la kioo cheusi, ambalo watu hulisifu sana. Hapa fungua macho, kwa sababu ya kioo yako mawili yanayofanana kwa sura. Moja hupasha moto chini ya kioo, na sufuria yoyote yenye kitako bapa itafaa. La pili, la induksheni, halitoi moto wenyewe. Linatumia nguvu ya sumaku kuipasha sufuria moja kwa moja. Ni zuri, halipotezi umeme mwingi, na haraka yake inashangaza. Lakini sufuria ya alumini haifanyi kazi juu yake, wala chungu cha udongo. Na nyumba zetu zimejaa nini? Alumini na vyungu. Kabla ya kulinunua, chukua sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa, uibandike kwenye kitako cha sufuria. Ikinasa, sufuria inafaa. Isiponasa, ujue unanunua jiko na masufuria mapya kwa pamoja.

Angalia pia alama ya ubora. Zanzibar tuna Taasisi ya Viwango (ZBS), na Bara kuna TBS. Alama peke yake haitoshi, kwa sababu hata alama huigizwa, kwa hiyo nyanyua jiko ulipime kwa mkono. Jiko jepesi kama bati la biskuti, lenye miguu inayoyumba na waya mwembamba kama wa redio, limejitangaza lenyewe.

SOMA KIBANDIKO CHA CHINI

Ligeuze jiko. Chini kuna kibandiko chenye namba, na namba mbili ndizo zinazokuhusu: V na W.

V ni volti. Umeme wetu ni volti 230. Jiko lililotoka Oman au Dubai halina tatizo, kule umeme ni wa kiwango kama chetu na plagi ni ya miguu mitatu kama yetu. Lakini kama shangazi kaleta zawadi kutoka Canada au Marekani, tulia. Kule ni volti 120. Hebu fanya hesabu: jiko la wati 1,000 la volti 120, ukilichomeka kwenye volti 230 halitotoa wati 2,000 kama unavyodhani. Nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Gawa 230 kwa 120, jibu lizidishe kwa lenyewe, utapata karibu 3.7. Jiko litavuta karibu wati 3,700 kwa dakika chache za maisha yake, kisha moshi. Zawadi imekwenda, na makuti ya banda yako juu yake.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza jambo jengine. Kila mtu amewahi kuona umeme ukija "mdogo" wakati wa Magharibi, khasa Ramadhani, kila nyumba ikiwa inapika futari. Taa zinafifia. Tuseme volti zimeshuka hadi 190. Jiko lako la wati 1,500 sasa linatoa kiasi cha wati 1,000 tu. Birika la lita moja na nusu lililochukua dakika saba au nane litachukua zaidi ya kumi. Jiko ni zima, umeme ndio mdogo. Anza kupika baada ya Alasiri, kabla ya wenzako hawajawasha, utapumzika na wewe.

W ni wati, yaani jiko linakula kiasi gani. La pleti moja mara nyingi ni wati 1,000 hadi 2,000. Gawa wati kwa 230, unapata ampea. Jiko la wati 1,500 linavuta ampea 6.5, na la 2,000 karibu 8.7. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13 mwisho. Peke yake, jiko liko salama. Sasa mtu anachukua ekstensheni moja, anachomeka jiko la wati 2,000 na birika la umeme la wati 2,000. Ampea 17. Waya unapata moto ndani ya plastiki, polepole, chini ya mkeka au nyuma ya kabati ambako hakuna anayeona. Ikiwa fyuzi ni nzima, inaweza kukatika na kuwaokoa. Ikiwa fundi wa mtaani aliitoa akaweka kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, hakuna cha kuwaokoa.

Jiko liwe na soketi yake ya ukutani, peke yake. Si ekstensheni, si ile plagi ya mdomo mmoja inayogawa watatu, wala si soketi iliyoungwa kwenye holda ya taa. Na kama umeme wenyewe mmevutiwa kutoka kwa jirani kwa waya uliopita juu ya mpapai, huo ni wa taa na simu. Jiko haliingii hapo. Najua ni vigumu kumwambia baba maneno haya. Mwambie kwa hesabu.

KIJITI KWENYE SOKETI

Hapa kuna mchezo ambao kila nyumba inaujua. Jiko limekuja na plagi ya miguu miwili, soketi ina matundu matatu na yale mawili ya chini yamejifunga. Basi mtu anachukua kijiti au bomba la kalamu, anakisukuma kwenye tundu la juu, yale mawili yanafunguka, plagi inaingia. Watoto wanaangalia. Kesho mtoto anasukuma msumari.

Lile tundu la juu halikuwekwa kwa urembo. Ndiyo njia ya umeme uliopotea kurudi ardhini. Koili ikipasuka ndani, umeme unavuja kwenye bodi la jiko. Kama waya wa ardhini upo, umeme unapita njia hiyo, fyuzi inakatika, mambo yamekwisha. Kama haupo, umeme unakaa kwenye chuma unamsubiri mtu wa kwanza kugusa, na mtu huyo ndiye anayekuwa waya wa ardhini. Kwa jiko la bodi la chuma, plagi ya miguu mitatu ni lazima, na waya wenyewe uwe na nyuzi tatu ndani: kahawia, buluu, na ile yenye rangi mbili, kijani na manjano. Plagi ikifunguliwa utaona kama huo wa rangi mbili umefungwa mahali pake au umekatwa ukaachwa. Kufungua kwenyewe mwachie fundi umeme, na muulize pia kama nyumba ina waya wa ardhini kweli, maana kuna nyumba zina soketi za matundu matatu na nyuma yake hakuna kitu.

Hewa yetu ya pwani nayo ina chumvi. Inakula skrubu, inakula pleti, inapasua koili. Jiko lisilotumika lifunikwe, pleti ya chuma ipakwe mafuta kidogo ya kupikia. Na ukigusa sufuria ukahisi mkono unatekenywa, hata kidogo tu, usiseme "ah, ni kawaida yake". Zima swichi ya ukutani, chomoa, na jiko hilo lisirudi kazini mpaka fundi alione.

HESABU YA UNITI

"Linakula umeme hilo!" Hivyo ndivyo utakavyoambiwa, na si uongo. Lakini linakula kiasi gani? Chukua wati, gawa kwa 1,000, zidisha kwa saa ulizopika. Jibu ni uniti. Jiko la wati 1,500 likiwaka kwa nguvu zote kwa dakika 40, limekula uniti moja kamili.

Tuseme chai ya asubuhi dakika 10, wali 40, mchuzi 25, kupasha moto jioni 15. Jumla saa moja na nusu. Kama jiko lingewaka kwa nguvu zote muda wote, ni uniti 2.25 kwa siku. Kwa kuwa utapunguza moto chakula kikishachemka, itakuwa chini ya hapo. Sasa chukua risiti ya mwisho ya TUKUZA, gawa fedha mlizolipa kwa uniti mlizopata, umeijua bei ya uniti moja kwenu. Zidisha. Kisha uliza polo moja la makaa linakaa siku ngapi na mmelinunua kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo hesabu ya haki, na kila nyumba itapata jibu lake. Usisahau kuweka na saa ulizokwenda kutafuta kuni, ijapokuwa hizo hakuna anayezilipia.

Vyakula vya kuchemka saa mbili na tatu ndivyo vinavyomaliza tokeni. Maharage na kunde kavu zirowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, zipikwe na mfuniko juu. Pweza mgumu, au makongoro, kwa maoni yangu wapeleke kwenye mafiga nje, mahali penye hewa. Hakuna aibu kutumia majiko mawili katika nyumba moja. Hata kupunguza moshi nusu ya siku ni faida, na daku ya saa kumi usiku kwenye jiko la umeme ni raha ambayo aliyewahi kupuliza kuni mbichi saa hiyo ataijua.

WALI WA NAZI BILA YA KUPALIA

Hili ndilo bibi atakalokushindia. Kwenye makaa, wali ukikaribia kukauka unapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, ukakauka sawasawa. Jiko la umeme halina makaa ya kupalia. Watu wakaongeza moto, wali ukaungua chini na ukawa mbichi juu, na lawama ikaenda kwa Shirika la Umeme.

Fanya hivi. Tia mchele kwenye tui linalochemka, koroga mara moja, liache lichemke kwa moto mkubwa mpaka tui lionekane linazama usawa wa mchele. Hapo rudisha kitufe kwenye namba ya chini kabisa. Kata jani la mgomba au tandaza kitambaa safi chini ya mfuniko, na ncha zake zikunje juu ya mfuniko zisininginie kwenye pleti. Funika kisawasawa. Baada ya kiasi cha dakika kumi zima kabisa na usifunue. Pleti ya chuma itaendelea kuwa na moto na itamaliza kazi bila ya kula hata nukta ya uniti. Kwa jiko la koili, ambalo hupoa haraka, chelewa kuzima dakika tano zaidi. Mkate wa ufuta na mkate wa kumimina, hapana, hiyo bado ni kazi ya makaa, na ukweli lazima usemwe.

Sufuria nayo iwe na kitako bapa na ienee kwenye pleti. Iliyobonyea inagusa sehemu tatu tu, moto mwingine unapasha hewa ya banda. Na mchuzi ukimwagika, usikimbilie kumimina maji juu ya jiko. Zima, chomoa, subiri lipoe, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

UMEME UKIKATIKA

Hapa ndipo nyumba zinapoungua. Uko katikati ya kupika, umeme unakatika. Unasema, haya, nitamalizia kwa makaa. Unatoa sufuria, unaondoka, kitufe kimebakia kwenye namba sita. Mtu anaweka kapu la ukili juu ya jiko, au kanga, kwa sababu jiko ni baridi na ni mahali pazuri pa kuweka vitu. Mnakwenda kulala. Saa nane za usiku umeme unarudi.

Kwa hiyo kila umeme unapokatika, mambo ni mawili kwa mpango huo huo: kitufe sifuri, plagi nje. Wafundishe na wadogo zako mpaka iwe kama kuvua viatu mlangoni.

Jiko likae juu ya kitu kisichoungua, tofali au meza yenye kigae, mbali na ukuta wa makuti na pazia. Mafuta ya taa yasikae karibu. Waya usininginie mbele ya meza, maana mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kinachoninginia, na juu yake kuna sufuria ya uji. Kumbuka pia kuwa moto wa kuni unajisema wenyewe kwa moshi na mwanga, lakini pleti nyeusi haisemi. Imezimwa, inaonekana baridi, na kwa dakika ishirini bado inaweza kuchoma kiganja cha mtoto. Weka sufuria yenye maji juu yake mpaka ipoe. Na kama nyumbani kuna mwenye kifafa, asipike peke yake kwenye jiko lolote, la umeme wala la kuni.

UKIUNGUA, UKIPIGWA SHOTI

Mtu akiungua, maji. Maji safi ya kawaida, yanayomiminika juu ya kidonda kwa dakika 20, kata baada ya kata kama bomba halitoki. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri, tazama saa. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, vua nguo isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, yai, samli, chumvi na majivu, vyote hivyo viache jikoni. Vinafunga moto ndani na vinaleta uchafu kwenye kidonda. Barafu pia hapana. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au la uso, mikono, viungo au sehemu za siri, ni la hospitali, na kwa watu wa Chokocho ya karibu ni Abdalla Mzee, Mkoani.

Aliyepigwa shoti na bado ameshika jiko, usimguse. Huu si wakati wa kumvuta kwa mapenzi. Zima swichi kubwa kwanza. Huifikii? Simama juu ya kitu kikavu, msukume mkono utoke kwa mpini mkavu wa mti au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na wengine watafute gari. Na hata kama amesimama anacheka akasema hana kitu, apelekwe. Umeme unaweza kuacha alama ndogo ya kuungua kwenye kidole na kuusumbua moyo kwa ndani baadaye.

NA DAKHALIA JE?

Swali hili tunalijua kabla hamjaliuliza. Jiko limefichwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku, na mwalimu wa zamu akishapita linatolewa kwa ajili ya chai na mayai. Chandarua kinaning'inia juu yake. Soketi ni moja, simu sita zimechomekwa hapo hapo. Wenzako ishirini wamelala na mlango umefungwa kwa ndani.

Hatutokwambia kuwa njaa ya usiku ni uongo. Tunajua chakula cha saa kumi na mbili jioni kinakwisha saa tatu, na mtihani hausubiri. Lakini jiko lile ulilolificha likiwaka, halina mahali pa kupumua, na ukisikia hatua za mwalimu utalisukuma chini ya godoro likiwa bado la moto. Nendeni kwa mwalimu mkuu watatu wanne, na karatasi yenye hesabu zenu za wati na ampea, muombe chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, soketi yake peke yake ya ampea 13, birika moja, na zamu ya mtu wa kukizima saa nne. Mwalimu wa Fizikia achukuliwe awe upande wenu. Akikataa safari ya kwanza, muulizeni anataka kuona nini ndipo akubali, na muandike anachosema.